Msaada wakuu: barua pepe za ofisi kwenye seva ya pamoja, kufuli lipo ila sina amani

Kijana_wa_Nyaya
Habari zenu wakuu. Ofisini tupo watu saba, na kwa kuwa mimi ndiye "ninayejua kompyuta", kazi ya barua pepe imeniangukia. Tumelipia nafasi kwenye seva ya pamoja yenye cPanel (paneli ya kuisimamia kwa kivinjari), nikafungua akaunti saba kwa domeni yetu (jina letu la mtandaoni). Toka siku ya kwanza, kila anayefungua mail.domeniyetu kwenye kivinjari anakutana na onyo jekundu kwamba muunganisho si salama. Nikawaambia wabonyeze tu "endelea". Wakazoea.

Baadaye jamaa akanishauri niipitishe domeni yote kwenye huduma ya kukinga tovuti, ile inayoficha IP (anwani ya namba) ya seva. Onyo likaisha, kufuli likatokea, nikajiona fundi. Kesho yake simu za ofisi nzima zikagoma kupokea barua. Nikasakinisha Roundcube (programu ya kusomea barua kwenye kivinjari) yangu mwenyewe ndani ya public_html (folda ya tovuti), nayo ikagoma kuunganisha na IMAP (njia ya kupokea barua). Mahali fulani nikasoma kwamba dawa ni kuweka verify_peer, mpangilio wa kukagua cheti (kitambulisho cha seva), iwe false. Nimeweka, haikusaidia, na bado imo humo. Juu ya hayo, barua tunazotuma zinaangukia kwenye spamu. Nianzie wapi?

MamaSeva
Anza kwa kufuta hiyo false. Maana yake umeiambia programu imkubali yeyote anayejiita seva yako, bila kumuuliza cheti.

Halafu tuelewane kuhusu lile onyo. Kwenye seva ya pamoja mpo domeni nyingi ndani ya mashine moja, na mashine ina jina lake. Onyo likitokea tena, bonyeza kwenye alama ya kufuli ufungue cheti, usome kimetolewa kwa jina gani. Nina hakika utakuta jina la seva ya kampuni, si mail.domeniyetu. Cheti chenyewe ni kizima, ila ni cha jina lingine. Kwa hiyo una njia mbili: watu wafungue barua kwa jina la seva lenyewe, poti (mlango wa namba) 2096, au uingie cPanel, sehemu ya SSL, uhakikishe AutoSSL (inayotoa vyeti yenyewe) inahesabu na jina la mail. Ikishakubali, cheti kinajihuisha chenyewe.

Simu zimegoma kwa sababu nyingine kabisa. Huduma za kukinga tovuti hupitisha trafiki ya tovuti. IMAP ya poti 993 na SMTP (ya kutuma barua) ya 465 au 587 hazipitishi. Simu inauliza mail.domeniyetu iko wapi, inapewa anwani ya mlinzi, inagonga 993, hakuna anayefungua. Nenda kwenye DNS (orodha inayosema kila jina liko kwenye IP ipi), rekodi ya mail peke yake itoe kwenye kinga, ielekee moja kwa moja kwenye IP ya seva. Tovuti iache ilipo.

Nyuki_Mkali
Mkuu, kwa nini una Roundcube yako wakati kampuni inakupa yao hapo hapo kwenye 2096? Umejiongezea mlango wa kulinda. Ni toleo gani hilo? Na ile folda ya installer (ya kusakinishia) uliifuta?

Kijana_wa_Nyaya
1.6.6. Folda bado ipo, sikujua kama inafutwa 🙈

Nyuki_Mkali
Basi leo leo. Juni 2025 Roundcube walitoa 1.6.11 na 1.5.10 kuziba tundu la usalama lenye namba CVE-2025-49113, ambalo lilikaa ndani ya programu zaidi ya miaka kumi. Aliyeingia kwa akaunti yoyote halali anaweza kuendesha amri zake kwenye seva. Utasema wako wote ni waaminifu. Sawa, lakini nywila moja ikiibiwa, mwizi naye ni "mtumiaji halali". Ondoa usakinishaji wote, folda na hifadhidata yake, mtumie ile ya kampuni ambayo wao ndio wanaoisasisha.

MamaSeva
Hapo nakubaliana na Nyuki, ingawa wapo wenye sababu ya kuweka ya kwao. Kwa watu saba sioni sababu.

Tumbili wa DNS
Mimi nije kwenye spamu. Jitumie barua kwenye akaunti yako binafsi ya nje, fungua vichwa kamili vya ujumbe, tafuta mstari wa Authentication-Results, utubandikie hapa.

Kijana_wa_Nyaya
Naona spf=permerror na dkim=none.

Tumbili wa DNS
Nilihisi. Una rekodi mbili za TXT (maandishi kwenye DNS) zinazoanza na v=spf1, yaani SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, sivyo? Moja ya kampuni ya seva, nyingine labda ya huduma ya kutuma matangazo. Domeni moja inaruhusiwa rekodi moja tu ya SPF, zikiwa mbili mpokeaji anahesabu kosa. Ziunganishe ziwe mstari mmoja, na utafutaji wa DNS ndani yake usizidi 10. DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye barua) iwashe kwenye cPanel, sehemu ya Email Deliverability. Kama DNS yako iko nje, nakili ufunguo uupeleke huko kwa mkono. DMARC (inayomwambia mpokeaji afanye nini na barua iliyofeli ukaguzi) anza na p=none (asifanye kitu), soma ripoti wiki kadhaa, ndipo upande quarantine (aziweke spamu). Ukikurupukia reject (azikatae) utazuia barua zako mwenyewe.

Ila jua kwamba IP mnachangia. Jirani akimwaga spamu, nanyi mnachafuka. Hilo huliwezi, unawaandikia kampuni tu.

MamaSeva
Na nywila zote zibadilishwe, maana watu walikuwa wanabonyeza "endelea" bila kujua nani yuko upande wa pili. Ukimaliza, usiishie hapo: fungua kila akaunti uangalie filters (kanuni za kuchuja barua) na forwarders (za kuzipeleka kwingine). Mwizi wa barua akishaingia huacha kanuni inayomtumia nakala, na hiyo haiondoki kwa kubadili nywila.

Kijana_wa_Nyaya
Mrejesho. Simu zinapokea, cheti kinasoma mail.domeniyetu, Roundcube yangu nimeifuta, spf=pass na dkim=pass. Lakini MamaSeva, kwenye akaunti ya mhasibu nimekuta kanuni inaitwa nukta tu, "." Kila barua yenye neno "ankara" inatumwa kwenye anwani nisiyoijua, kisha inahamishiwa kwenye folda ya takataka. Mhasibu anaapa hakuitengeneza. Niifute?

MamaSeva
Piga picha ya skrini kwanza, anwani ionekane yote. Kisha ifute, na uwaombe kampuni ya seva kumbukumbu za waliowahi kuingia kwenye akaunti hiyo kabla hazijafutika. Halafu ingia kwenye hiyo folda ya takataka na mhasibu, msome moja moja: wateja waliandika nini, na nani aliwajibu. Kila mwenye ankara ambayo hajailipa mpigieni simu leo, kwa namba mliyokuwa nayo zamani na si ile iliyo ndani ya barua, mumuulize kama ametumiwa akaunti mpya ya benki.

Kijana_wa_Nyaya
Tupo ndani ya folda sasa hivi. Zipo 34.