Mjadala: Mlaji ajirekodi kwa simu, au mdodosaji aendelee kubisha hodi?

Mdodosaji Mstaafu
Wakuu, salaam. Kuna hoja inazunguka siku hizi kwa watu wa lishe, nimeona niilete hapa tuichambue. Wanasema tafiti za ulaji ziachane na wadodosaji wa kupita nyumba kwa nyumba. Mshiriki apakue aplikesheni, apige picha au aandike kila anachokula, taarifa ziende moja kwa moja kwa mtafiti. Eti ni nafuu, ni haraka, na kumbukumbu ya mtu haihusiki.

Mimi napinga. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, Dodoma, Singida hadi Lindi. Utaratibu wetu ni wa saa 24: unakaa na mama kwenye mkeka, anakusimulia alichokula siku nzima ya jana. Kwanza anataja vyakula tu, humkatishi. Halafu mnarudi mwanzo: saa ngapi, kilipikwaje, kiliungwa na nini. Kisha mnaingia kwenye kiasi, hapo mizani inatoka, na bakuli lake mwenyewe unaliomba. Mwisho mnapitia yote upya. Sasa ni katika kule kurudia ndiko mambo yanakojitokeza. "Aa, nilikula na ukoko wa watoto." "Wakati napika nilionja onja mboga." "Tukitoka shamba tulichuma maembe." Niambieni, nani atatoa simu apige picha akiwa na ukoko mkononi?

Halafu picha haioni mafuta. Mchicha ulioungwa kwa kijiko kimoja na ule wa vijiko vitatu ni mchicha uleule kwenye kioo cha simu. Ugali wa sembe iliyoongezwa virutubishi na wa sembe ya mashine ya mtaani hutautofautisha kwa macho. Na taarifa hizi ndizo zinazotumika kuamua unga na mafuta yaongezwe virutubishi kiasi gani. Zikikosewa, zimekosewa kwa nchi nzima.

Tuendelee na mizani yetu. Karibuni.

Kijana wa Takwimu
Mkuu, heshima yako, ila umeisifia njia yako kama haina doa. Mama gani atamwambia mgeni mwenye kitambulisho shingoni kwamba jana watoto walilalia uji mtupu? Na mzee wa watu atakutajia bia alizokunywa wakati mkewe yuko pembeni anamenya vitunguu? Simu haimkodolei mtu macho.

Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha utafiti wa watu wanene waliokuwa wakilalamika kwamba hawapungui hata wakila kidogo. Walipimwa kwa maji maalumu yenye alama, yale yanayoonyesha mwili umetumia nishati kiasi gani. Ikaonekana wanakula karibu mara mbili ya walichosema: walikuwa wamepunguza asilimia 47 kwenye maelezo yao. Ndiyo haya ya kumuuliza mtu.

Uingereza wenzetu wameshahama. Utafiti wao wa taifa wa ulaji tangu 2019 unatumia Intake24, mfumo uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Newcastle. Mtu anajaza mwenyewe mtandaoni, anachagua picha ya sahani inayolingana na yake. Sisi tutabaki na makaratasi mpaka lini?

Mama Lishe Tandika
Nyie wasomi, naomba niwaulize swali la kijinga. Kwangu tunakula sinia moja, watu saba. Nikipiga picha ya sinia, hiyo simu itajuaje nani kala nini? Yule mkubwa anameza matonge matatu mdogo bado anapuliza la kwanza. Nyama anagawa bibi mwishoni, na ana wapenzi wake.

Pia simu yenye intaneti nyumbani ni ya baba, na inaondoka naye saa kumi na moja alfajiri. Bando la kutuma hizo picha analipa nani?

Lishe Kwanza
Naomba nimsahihishe Kijana. Wale watu wa 1992 hawakuhojiwa na mdodosaji. Waliandika wenyewe kwenye daftari, kila siku, kwa wiki mbili. Yaani mfano ulioutoa ni wa kujirekodi hasa! Ukibadilisha daftari kuwa simu, mlaji ni yuleyule na aibu yake ni ileile.

Intake24 nayo, inafanya kazi kule kwa sababu imejazwa vyakula vyao. Sisi tuna jedwali la viinilishe la Tanzania, linaloonyesha kila chakula kina virutubishi kiasi gani, la mwaka 2008, kazi ya Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard. Kenya walitoa lao jipya 2018. La kwetu limetusaidia sana, ila tangu 2008 watu wameanza kula vingapi vipya? Aplikesheni yoyote inaishia kuzidisha gramu kwa namba za jedwali kama hilo. Jedwali likiwa na pengo, simu ya milioni mbili haitaliziba.

Mama Lishe, swali lako si la kijinga hata kidogo, watafiti linawatoa jasho mpaka leo. Kwenye sinia tunachoweza ni kupima chungu kizima kwanza, halafu mlaji anakadiria sehemu yake kwa matonge. Kuna wanaomtengea mlaji mmoja sahani yake siku hiyo, lakini mtoto aliyetengewa sahani hali kama anavyokula akigombania na kaka zake.

Hata hivyo simuungi mkono Mdodosaji kwa asilimia zote. Karatasi zina shida yake: mtu anakaa miezi ofisini anaingiza majibu, mwandiko haueleweki, "kikombe 1" kinasomwa "kikombe 7". Vietnam na Burkina Faso wamejaribu mfumo unaoitwa INDDEX24, ambapo mdodosaji anabisha hodi kama kawaida lakini anauliza huku anajaza kwenye simu au tableti. Akisahau kuuliza mboga iliungwa na nini, mfumo unamkumbusha. Mimi nipo hapo.

Mkaazi wa Kisauni
Hamjambo wadau. Mimi niko Mombasa, nina sukari, na hii kazi ya kupiga picha chakula naifanya kwa sababu muuguzi wangu wa kliniki aliniambia nijaribu. Kwangu mimi imenifaa. Lakini nitawaambia ukweli: asubuhi nilikuwa nala mahamri na mbaazi za nazi bila wasiwasi. Siku hizi nikikumbuka kwamba lazima nipige picha, nachukua hamri moja narudisha mengine. Daktari anafurahi. Mtafiti je? Anataka kujua watu wa Kisauni wanakula nini, naye anapata picha za mtu anayejichunga.

Jengine ni siri. Mwaka 2018 MyFitnessPal, aplikesheni ya kurekodi chakula, ilidukuliwa, akaunti kama milioni 150 zikachukuliwa majina, barua pepe na nywila zilizofichwa kwa msimbo. Na picha ya sahani haina sahani peke yake. Kuna ukuta, kuna mtoto nusu uchi, kuna dawa mezani, na simu inabandika mahali ulipo. Kenya tuna sheria ya data tangu 2019, nanyi Tanzania mna ya 2022 iliyoanza kufanya kazi Mei 2023. Sheria zipo. Lakini mama wa kijijini anayebonyeza "nakubali" amesoma nini?

Kijana wa Takwimu
Sawa, la daftari mmenibana. Lakini hakuna aliyejibu la gharama. Kumweka mdodosaji kijijini, posho, gari, mafuta, ndiyo maana takwimu za ulaji wa kina zinapatikana kwa nadra na tunabaki kukisia. Bora taarifa zenye kasoro kila mwaka kuliko nzuri mara moja kwa muongo. Napendekeza mjini vijana wajirekodi, vijijini wadodosaji waende.

Mdodosaji Mstaafu
Hapo ndipo unaharibu kabisa, mwanangu. Dar umepima kwa simu, Kigoma umepima kwa mdodosaji. Ukikuta Dar wanakula pungufu, utajuaje kama ni chakula kimepungua au ni watu wamechoka kupiga picha? Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Tofauti za mkoa na mkoa ndizo zinazoamua fedha ziende wapi. Huwezi kuzipima kwa fimbo mbili.

La tableti ya mdodosaji nalipokea. Bora ihifadhi data yenyewe, itume ikifika kwenye mtandao.

Lishe Kwanza
Fimbo mbili zinaweza kulinganishwa, mzee. Chukua kaya zilezile, mjini na kijijini. Siku moja mtu wetu anashinda jikoni na mizani, anapima kila kinachoingia chunguni na kila kinachopakuliwa. Siku hiyohiyo mlaji anajirekodi kwa simu. Kesho yake mdodosaji mwingine anakuja kuuliza ya jana. Utaona nani yuko karibu na mizani, na kwa vyakula gani. Tukishajua simu inakosea wapi, ndipo tuzungumze bei. Na wauza chakula waingizwe, maana mjini watu wengi hawapiki mchana.

Mama Lishe Tandika
Kwangu karibuni, ila mje saa nne, saa sita kuna foleni. Na sahani mtakayoipima mkaiacha ipoe mtailipia, na supu yake.