Naombeni ushauri: baba mkwe wangu ana ugonjwa wa amiloidi kwenye moyo

Mwana wa Kilwa (mleta mada)
Wakuu, salaam. Ninaishi Houston, Marekani, na nina jambo linaloninyima usingizi. Baba mkwe wangu, mwenye umri wa miaka 68, anahema kila apandapo ngazi, na miguu yake huvimba hadi soksi zinaacha alama ya mfereji kwenye ngozi. Madaktari wamesema kuta za moyo wake zimekuwa nene kwa sababu ya protini iitwayo amiloidi. Je, akiacha nyama, mayai na maharage, protini hiyo itapungua?

Shamba la Bibi
Neno amiloidi asili yake ni wanga, kwa hiyo mpunguzieni kwanza wali na viazi. Marehemu mjomba wangu alivimba miguu vivyo hivyo. Tulimtibu shinikizo la damu kwa miaka minne, na hadi tunamzika hatukujua alikuwa na nini. Kaeni karibu na wazee wenu, maana wanaficha mengi.

Muuguzi wa Zamu
Poleni sana. Jina hilo limetokana na kosa la zamani: mwaka 1854 Rudolf Virchow aliona vitu hivyo vikibadilika rangi kwa iodini kama wanga unavyobadilika, na baadaye ikathibitika kuwa ni protini. Wala haitoki kwenye sahani. Amiloidi zipo za aina nyingi, na ile ya ugonjwa wa Alzheimer hujikusanya kwenye ubongo. Zinazoshika moyo mara nyingi ni mbili. Moja hutokana na seli za uboho, haisubiri hata kidogo, na hutibiwa kwa dawa kama za saratani. Nyingine ni transithairetini, ambayo hutengenezwa na ini ili ibebe vitamini A na homoni ya tezi ya shingo; ina vipande vinne vilivyoshikana, na vikiachana hujikunja vibaya, vikaungana kuwa nyuzi zinazoufanya moyo uwe mgumu. Mzee ana aina gani, na je, mikono yake iliwahi kufa ganzi?

Mwana wa Kilwa
Ni transithairetini. Mikono ndiyo, alipasuliwa kwenye vifundo vyote viwili miaka saba iliyopita, kwa sababu alikuwa hawezi hata kufunga vifungo vya shati. Nilidhani hayo hayahusiani.

Muuguzi wa Zamu
Yanahusiana sana, kwa kuwa nyuzi hizo huibana neva ya mkono miaka mingi kabla moyo haujalalamika. Walipima jeni? Majibu yalisemaje?

Mwana wa Kilwa
Nilitaka tuzungumzie chakula tu, lakini basi. Majibu yametoka, na mzee ana badiliko la jeni liitwalo V122I. Mke wangu hajui. Ana mimba ya miezi mitano, na barua nimeificha kwenye buti la gari. Msinihukumu, ninamlinda, na nimekwisha kuamua kwamba atajua baada ya kujifungua.

Karani wa Maabara
Mleta mada, hii ni chai. Wewe ni mwana wa Kilwa, ilhali badiliko hilo asili yake ni Afrika Magharibi, tena hospitali za huko hazimkabidhi mkwe barua ya siri ya mgonjwa. Mada za namna hii huishia kwa mtu kutuuzia dawa ya mizizi.

Mwana wa Kilwa
Sikusema mke wangu ni wa kwetu. Ni Mmarekani mweusi, na baba yake alizaliwa Louisiana. Barua alinipa mzee mwenyewe kwenye maegesho ya hospitali. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaniomba nimwahidi kwamba binti yake hatajua sasa. Siuzi chochote.

Karani wa Maabara
Basi naomba radhi, kwa sababu kati ya Wamarekani weusi 100, watatu au wanne hulibeba badiliko hilo. Kazini tunachukua kipande cha nyama kilichokatwa moyoni mwa mgonjwa, tunakipaka rangi iitwayo nyekundu ya Kongo, na chini ya hadubini ya mwanga uliochujwa amiloidi hung'aa kijani kama tufaha bichi. Kila nikiiona, namfikiria mwenye moyo huo.

Muuguzi wa Zamu
Turudi kwa familia. Kila mtoto wa mzee ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi, si kila anayerithi huugua, na wanaougua kwa kawaida ni baada ya miaka 60. Mimba haibadiliki kwa habari hii, ingawa mwili ni wa mke wako na haki ya kujua ni yake. Wanaonitia hofu zaidi ni ndugu wa mzee. Dawa ya tafamidisi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa ugonjwa huu wa moyo, huvishikiza vile vipande vinne visiachane, lakini haiziondoi nyuzi zilizokwisha kujijenga. Ana ndugu walio hai?

Mwana wa Kilwa
Mke wangu bado nitamsubiri ajifungue, maana niliahidi. Ila mzee ana mdogo wake wa kiume, miaka 64, yuko Baton Rouge. Krismasi iliyopita alikula kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa umetoka kupasuliwa na bado umefungwa bandeji. Nampigia mzee simu sasa hivi.