MREJESHO: Kunuti ya alfajiri, baba na kaka yangu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwezi uliopita niliwauliza kuhusu kaka yangu, aliyeacha kuswali nyuma ya baba kwa sababu baba husoma kunuti, ile dua ya kusimama ndani ya swala, kila alfajiri.

Nilifuata ushauri wenu, mimi na kaka tukaenda kwa maalim aliyetusomesha chuo cha Qur'ani. Maalim hakumbishia kaka. Alimuuliza tu: "Baba yako akiacha kunuti, swala yake imebatilika?" Kaka akasema hapana. "Akiacha rukuu, ile kuinama?" Hapo akajibu upesi: imebatilika. Maalim akatueleza kuwa kati ya maimamu wanne wa madhehebu, Imamu Shafi na Imamu Malik wanaihesabu kunuti ya alfajiri kuwa sunna, Abu Hanifa na Ahmad hawaioni hivyo, na hakuna kati yao aliyemtoa mwenzake katika dini. Tauhidi, yaani kumpwekesha Mungu, na swala tano ndizo zisizolegezwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimevitia vyote kapu moja, nikidhani kuitetea kunuti ya baba ni kuutetea Uislamu.

Juzi alfajiri kaka alirudi safuni. Baba alipoinua mikono, yeye hakuinua, akasimama kimya hadi dua ikaisha. Baba hakumuuliza kitu. Mama alilia jikoni. Suala la maulidi, ile sherehe ya kuzaliwa Mtume, ambalo nalo hawakubaliani, bado, nami sijalichokoza.