SUA, Nelson Mandela au ICIPE kwa utafiti wa nyuki na maua?

Nyegezi_Kona: Wakuu, salaam. Mwakani nataka kuanza uzamili, utafiti wangu uwe wa nyuki na uchavushaji. Nimebakiza SUA (chuo cha kilimo) Morogoro, chuo cha Nelson Mandela Arusha na ICIPE Nairobi. Ipi bora? Nipo Mwanza.

Mama Misungwi: Bora kwa lipi, mdogo wangu? GPA ngapi? Ada analipa nani? Zao gani? Hujasema kitu.

Capripoint: Kwanza ICIPE si chuo, ni kituo cha utafiti wa wadudu, hawatoi digrii. Unasajiliwa chuo kikuu, wao wanakupa maabara na msimamizi pale Kasarani. Programu yao ya ARPPIS ni ya uzamivu, wewe ulizia ile ya DRIP, inapokea na wa uzamili. Ila kwa nyuki mimi siwabadilishi na mtu.

Ng'wana Magu: Jina la chuo achana nalo, uliza hela ya uwandani inatoka lini. Mimi nilifanya nyuki kwenye pamba, chuo sikitaji. Hela ilifika maua yameanza kupukutika. Nilikuwa nimeshakopa kwa shemeji, nikatega vibakuli vya kunasia nyuki, vya njano, bluu na vyeupe, vyenye maji ya sabuni. Siku ya tatu vya njano vyote havipo, watoto wanachezea mapishi! Wiki iliyofuata mwenye shamba akapuliza dawa saa tatu asubuhi, nyuki wamejaa kwenye maua. Nikabaki na vichupa kumi na moja vya sampuli na msimamizi asiyepokea simu.

Nyegezi_Kona: Duh, pole kaka. GPA 3.6, botania. Ada bado natafuta. Zao ni nyanya, nitaweka mizinga pembeni ya shamba Kisesa.

Mama Misungwi: Mizinga kwenye nyanya? Ua la nyanya hufungia chavua ndani mpaka litetemeshwe, na nyuki wa asali hajui kutetemesha. Wanaojua ni kama wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Chukua tikitimaji: ua dume peke yake, ua jike peke yake, bila mdudu huli.

Ng'wana Magu: Mbona nyanya zangu zinazaa na hao weusi siwaoni?

Mama Misungwi: Zinajichavusha, upepo nao unatikisa. Hapo ndipo penye utafiti: wakija hao weusi, tunda linaongezeka kiasi gani?

Capripoint: Kumbe ndio wanaokula kenchi zangu! Dawa yao nini?

Ng'wana Magu: Oili chafu, mkuu. Pakaza kwenye matundu jioni.

Mama Misungwi: Jamani! Mnamwulia kijana wachavushaji wake?

Nyegezi_Kona: 😂 Wakuu, na Arusha je? Hakuna aliyepasema.