Bibi kabatizwa kabla hajazaliwa?? Msaada makaratasi ya uraia wa Ayalandi

mjukuu_wa_delia
Wakuu habari zenu. Bibi mzaa mama alizaliwa Mayo huko Ayalandi, na sheria yao ukiwa na babu au bibi aliyezaliwa kule unaomba kuandikishwa kwenye rejista ya waliozaliwa nje, ukishaandikishwa we ni raia. Nikajua kazi ndogo, vyeti vya bibi, vya mama na vyangu, basi. Thubutu! Cheti cha ubatizo tulichokikuta ndani ya Biblia yake kinasema 3 Juni 1909, cha serikali kinasema kazaliwa 11 Juni 1909, yaani padri kambatiza mtoto yuko tumboni. Halafu cha kuzaliwa kaandikwa Bridget, ila cha ndoa (waliooana Liverpool 1938) na cha mama ni Delia. Nikituma hivi si wataniona tapeli? Nitafute wakili arekebishe tarehe?

kabrasha_la_zamani
Wakili wa nini mkuu, hela hiyo kaa nayo. Hilo la tarehe limejaa tele kule. Mtoto alikuwa anakimbizwa kanisani siku hiyohiyo au kesho yake maana vichanga walikuwa wanakufa sana, ila kwa msajili watu walienda wakijisikia, na ukichelewa kuna faini, kwa hiyo baba akifika pale anaisogeza tarehe mbele mtoto aonekane mdogo. Kwahiyo bibi yako inawezekana kabisa kazaliwa tarehe 2 au 3. Kwenye fomu we jaza ya cheti cha serikali kama ilivyo, ndiyo wanayoitambua, na USIGUSE chochote kwa kalamu. Tena shukuru cheti kipo, usajili wa serikali ulianza 1864 na ukapona, watu wa kumbukumbu za zamani zaidi ndo wanalia, jumba la kumbukumbu Dublin liliungua 1922 likaondoka na mengi.

Shangazi Tumu
Delia na Bridget ni jina moja mwanangu, kule Bridget aliitwa Delia au Bridie. Ila afisa hataki hadithi anataka mnyororo. Angalia cheti cha ndoa cha Liverpool, kuna safu ya jina la baba wa bibi harusi na kazi yake. Je ni yuleyule wa kwenye cheti cha kuzaliwa? Na agiza vyeti vile virefu vyenye majina ya wazazi, vile vifupi vitarudishwa. Usisahau ndoa ya mama kama alibadili jina.

mjukuu_wa_delia
Shangazi umenitoa jasho, nimekifungua sasa hivi: Patrick, mkulima. Cha kuzaliwa: Patrick, mkulima! Nimeingia na kwenye sensa ya 1911 maana iko bure mtandaoni, nikaikuta nyumba nzima, Bridget mwaka 1, chini pa sahihi Patrick kaweka alama ya X tu. Mama yao kaulizwa kazaa wangapi, 9, walio hai 6. Nimekaa kimya kidogo hapo.

kabrasha_la_zamani
Iambatanishe hiyo sensa, haichukui nafasi ya cheti ila inasaidia. Swali, una watoto?

mjukuu_wa_delia
Bado, wife ana miezi mitano. Kwani vipi?

kabrasha_la_zamani
Weee! Hapo ndo pa kukimbilia, achana na Delia. Uraia wako unahesabiwa kuanzia siku jina linapoingia kwenye rejista, haurudi nyuma. Mtoto akizaliwa kabla hujaandikishwa, yeye hapati kupitia kwako, akizaliwa baada anapata haki ya kuomba. Foleni yao ni ya miezi, ila wenye mtoto njiani husikilizwa, tuma faili kamili kisha waandikie na barua ya daktari yenye tarehe ya kujifungua. Picha na fomu hakikisha shahidi anayekubalika kasaini, hapo wengi wanarudishwa.

mjukuu_wa_delia
Duh. Naenda kwa shahidi kesho asubuhi.