Mzio wa vumbi kwa mtoto wa miaka 4, Njiro, Arusha: nianzie wapi?

MamaWawili: Habari zenu. Barabara yetu ni ya vumbi. Nafagia mara mbili kwa siku, lakini chafya za asubuhi haziishi.

Chelewa: Pole dada. La barabarani linakera, ila msumbufu mkubwa yuko kitandani: utitiri, usioonekana kwa macho, unaokula magamba ya ngozi. Shuka, foronya na blanketi vifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Maji ya baridi yanatoa uchafu tu, utitiri unabaki hai. Godoro na mto vivalishe kava la zipu linalofunika pande zote.

FundiUsafi: Na acha kufagia kavu! Fagio linarusha vumbi hewani, baadaye linatua palepale. Anza juu, feni na kabati, kwa kitambaa kibichi, ndipo udeki. Mtoto akae nje.

Chelewa: Midoli ya manyoya iweke friza saa 24 ndani ya mfuko, kisha ifue. Baridi inaua, lakini kinyesi cha utitiri ndicho chenye mzio, na hicho hakiondoki bila kufua.

Kijenge_Juu: Julai msifunge madirisha kutwa kwa ajili ya baridi, unyevu unabaki ndani na kustawisha utitiri. Fungua mchana, upande usiotazama barabara.