Mfalme kauawa kitabu cha 5, kitabu cha 13 analia msibani. Homer alisinzia?

Kijana_wa_Rafu aliandika:

Wakuu, salaam. Nasoma Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer kuhusu vita vya mji wa Troy, kwa mara ya kwanza, tafsiri ya Kiingereza, na kuna mahali nimekwama. Si kwamba pagumu, hesabu tu haiingii.

Kitabu cha 5, Menelaus, mfalme upande wa Wagiriki, anamkuta Pylaimenes, kiongozi wa Wapaflagonia walio upande wa Troy, kasimama. Anamchoma mkuki kwenye mtulinga. Mydon, mwendesha gari lake, naye anamalizwa palepale na Mgiriki Antilochus. Basi nikamkata Pylaimenes kwenye orodha yangu (ndiyo, naweka orodha ya waliokufa, msinicheke).

Kitabu cha 13 anatokea kijana anaitwa Harpalion. Anaichoma ngao ya Menelaus kwa mkuki, haupenyi, anageuka kuwakimbilia wenzake. Meriones, Mgiriki mwingine, anamfuma mshale wa tako la kulia, unapita chini ya mfupa hadi kibofuni. Anakata roho mikononi mwa wenzake, kajinyoosha chini kama mnyoo. Wapaflagonia wanampakia garini kumrudisha Troy, na baba yake anafuatana nao akibubujikwa na machozi. Baba mwenyewe ni nani? Pylaimenes! Yule yule wa mtulinga.

Sasa naomba wajuzi mnifafanulie. Ni wanakili walioharibu? Watunzi walikuwa wawili na hawakusomeana? Au mzee alisahau tu? Na nyongeza: kwa nini Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki, anaitwa "mwenye miguu ya mbio" hata pale kitabu cha 1 anapokuwa ameketi kando ya merikebu, amenuna, hafanyi lolote?

Mzee_Ngano aliandika:

Akina Pylaimenes walikuwa wawili. Kesi imefungwa, tukalale.

Bi_Mshororo aliandika:

Mzee Ngano umetania, lakini utani wako una umri wa miaka zaidi ya 2,000. Wahariri wa kale wa Homer huko Alexandria, Misri, waliliona tatizo hili kabla yetu sote, na wapo waliojibu hivyo hivyo: majina yamefanana tu. Wengine waliona heri mishororo ile miwili ya kilio, 658 na 659, itiliwe shaka. Hawakuwa na tabia ya kufuta, walichora kistari pembeni na kumwachia msomaji aamue. Wapo pia waliotaka kupenyeza neno la kukanusha, ili isomeke kwamba baba *hakufuatana* nao. Napenda sana hiyo ya tatu. Bila shaka hakufuatana nao, alikuwa maiti!

Kijana, mimi nimefundisha Kigiriki cha kale hadi nikastaafu, na aliyenifundisha mimi alikuwa haturuhusu kusema "Homer alikosea" darasani. Ukisema hivyo anakuuliza: alikosea kufanya nini? Nimelirithi swali lake, kwa hiyo wanakili wako nawaweka kando. Mnakili huruka mshororo, hukosea herufi, hurudia neno. Kumfufua mfalme si kazi ya mnakili.

Hiyo ya watunzi wawili ndiyo iliyotawala karne nzima ya 19. Mwaka 1788 Mfaransa Villoison alichapisha hati ya Iliad ya karne ya 10 iliyoko Venice, ile tunayoiita Venetus A, pamoja na maelezo ya kale yaliyojaa pembezoni mwake. Ghafla watu wakaona jinsi wasomi wa Alexandria walivyobishana juu ya mshororo mmoja mmoja. Miaka saba baadaye, 1795, Friedrich August Wolf akajenga hoja kwamba tenzi hizi zilianza bila maandishi na zikaunganishwa baadaye. Wafuasi wake wakashika mkasi. Kila palipogongana pakawa mshono, na Pylaimenes wako akawa shahidi wa upande wa mashtaka: aliyetunga kitabu cha 5 siye aliyetunga cha 13. Nimesoma vitabu vyao vingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye akili timamu. Tatizo lao ni kwamba kila mmoja aliikata kwingine.

Swali lako la nyongeza ndilo lililouvunja mchezo. Milman Parry, Mmarekani, mwaka 1928 aliwasilisha tasnifu zake Paris kuhusu sifa hizi zinazorudiwarudiwa. Angalia mwisho wa mshororo. Mtunzi akibakiwa na nafasi ya silabi tano, Achilles ni *dios Achilleus*, yaani Achilles mtukufu. Nafasi ikiwa ya saba, ni *podas okys Achilleus*, huyo mwenye mbio. Ikiwa ya nane, *podarkes dios Achilleus*. Sasa mlete shujaa mwingine, Odysseus: *dios Odysseus*, silabi tano. *Polymetis Odysseus*, saba. *Polytlas dios Odysseus*, nane. Si idadi ya silabi tu inayolingana, hata fupi na ndefu zimepangika vilevile. Mtu mmoja aliyekaa na kalamu hana haja ya kujitengenezea mtambo kama huu. Huu ni urithi wa vizazi vya manju waliotunga papo hapo mbele ya wasikilizaji, na mizani haimngojei mtu afikiri. Kwa hiyo Achilles ana mbio hata ameketi, kwa sababu mshororo ulikuwa umebakiwa na nafasi ya silabi saba.

Kisha Parry akafanya jambo ambalo wasomi wa Homer hawakuwa na desturi nalo: akatoka maktaba. Kati ya 1933 na 1935 alikuwa Yugoslavia akiwarekodi waimbaji wa tenzi kwenye sahani za alumini, kwa mashine yenye meza mbili za kuzungusha sahani, moja ikijaa nyingine inapokea, mwimbaji asikatizwe. Waimbaji wakamwambia wanarudia wimbo ule ule neno kwa neno. Sahani zikasema vingine. Maneno yalibadilika kila mara, na wao hawakuona wamebadilisha kitu. Parry alifariki 1935, bado kijana, na msaidizi wake Albert Lord ndiye aliyeikamilisha kazi na kuichapisha mwaka 1960.

Turudi kwa marehemu wako. Katika Iliad, kijana anapouawa, mara nyingi baba yake huletwa. Soma tena kitabu cha 5: Mgiriki Diomedes anawaua ndugu wawili, Xanthus na Thoon, na palepale tunaambiwa habari za baba yao, mzee Phainops, aliyebaki na majonzi huku jamaa wa mbali wakigawana mali yake. Baba anayelia ni sehemu ya kifo cha mwana. Manju amefika kwa Harpalion, kamtaja ni mwana wa nani, kijana kaanguka, na kilio cha baba kimekuja chenyewe, pamoja na lile neno chungu kwamba hakupata fidia yoyote ya mwanawe. Tangu mkuki wa mtulinga imepita mishororo zaidi ya 5,000. Nani ukumbini alikuwa na orodha kama yako?

Kwangu mimi mishororo ile miwili ina faida kuliko kurasa kumi zisizo na dosari. Hapo ndipo unaiona kazi ikifanyika.

Mkaidi aliandika:

Bi Mshororo, heshima yako mama, lakini hapo umekimbia mno. Kusahau hakumfanyi mtu kuwa manju asiyejua kuandika. Watunzi wa riwaya wanasahau rangi ya macho ya wahusika wao, na wanaandika mezani kwa utulivu wote.

Iliad ina mishororo 15,693. Inafunguka na mzee Chryses anayekuja na fidia kumkomboa binti yake, anafukuzwa. Inafungwa na mzee Priam, mfalme wa Troy, anayekuja na fidia kuuchukua mwili wa mwanawe, anapokewa. Mwanzo na mwisho vinatazamana. Hilo limetungwa papo hapo? Msomi Martin West mwaka 2011 alieleza kwamba mtunzi, ambaye yeye alimwita "P" tu, aliandika kwa miaka mingi, akirudi nyuma kuingiza vipande vipya. Ukiingiza kipande katikati baada ya miaka, kusahau uliyemuua kwingine ni rahisi sana. Pylaimenes anafaa nadharia yake kama anavyofaa yako.

Bi_Mshororo aliandika:

Mkaidi, jina lako umelitendea haki. Nakubali Chryses na Priam vinatazamana na kwamba hilo ni mpango. Nakataa kwamba mpango unahitaji karatasi.

Avdo Međedović wa Bijelo Polje, mmoja wa waimbaji wale wa Yugoslavia, alikuwa mchinjaji, hajui kusoma wala kuandika. Mwaka 1935 alimwimlia Parry utenzi mmoja wa mishororo zaidi ya 12,000, urefu unaokaribia Odyssey, utenzi mwingine wa Homer. Kuna jaribio moja ninalolipenda zaidi. Parry alimketisha Avdo asikilize wimbo ambao hakuwahi kuusikia, ukiimbwa na mwenzake, mishororo 2,294. Ulipokwisha akamwomba auimbe yeye. Akauimba kwa mishororo 6,313. Akaongeza hotuba, mapambo ya farasi, na mawazo ya shujaa, na kisa hakikumponyoka. Huyo ni mtu mwenye mpango kichwani.

Ila umegusa palipo na mjadala wa kweli, na sitajifanya hapapo. Utenzi ule mrefu wa Avdo *uliimliwa*: yeye anasema, mwingine anaandika, polepole. Lord mwenyewe aliona kwamba huenda Iliad ilitufikia kwa njia hiyo, na mimi niko upande wake. Mwenye kuimla hana mbio za jukwaani, anaweza kujenga. Lakini pia hana kurasa mkononi za kupekua nyuma. West anampa P kurasa, halafu anataka nisadiki kwamba katika kurudi kote kule hakuwahi kukutana na maiti wake mwenyewe.

Kijana_wa_Rafu aliandika:

Nimefaidi kuliko nilivyotarajia, shukrani Bi. Swali la mwisho, maana nataka nikimaliza hapa nihamie kwenye tanzia, yaani tamthilia za huzuni za Wagiriki wa kale, Aeschylus na wenzake. Huko nako kuna wafu wanaofufuka? Au kwa kuwa ziliandikwa, ziko salama?

Bi_Mshororo aliandika:

Ziliandikwa, ndiyo, lakini salama ni neno kubwa. Sophocles, mmoja wa hao wenzake, anahesabiwa tamthilia kama 120, tumebaki na saba kamili. Na adui wa maandishi ya tanzia alikuwa mwigizaji. Tamthilia zilirudiwa jukwaani baada ya watunzi kufa, na waigizaji wakaongeza mistari ya kujipamba. Athens ikafikia kutunga sheria, enzi za mwanasiasa Lycurgus, miaka ya 330 KK, kwamba iwepo nakala rasmi ya Aeschylus, Sophocles na Euripides na waigizaji wasitoke nje yake. Galen, tabibu wa kale, anasimulia kwamba mfalme Ptolemy wa Misri aliziazima nakala hizo kwa dhamana ya talanta 15 za fedha, akabaki nazo, akarudisha nakala mpya na kuwaachia Waathene dhamana yao. Ni kisa kitamu, wala sitakiapia.

Jambo la kukuangalisha ni jingine, na linahusu wasomi kuliko watunzi. Aeschylus ana tamthilia iitwayo *Wanawake Waombao Hifadhi*, mabinti wa Danaus wanaowakimbia binamu zao wanaotaka kuwaoa kwa nguvu. Humo korasi, lile kundi la waimbaji, ndiyo mhusika mkuu, na mwigizaji wa pili hana kazi kubwa. Wasomi wakasema: basi hii ni kongwe kuliko zote tulizonazo, maana tanzia ilianzia kwenye korasi. Wengi waliiweka miaka ya 490 KK, na nadharia nzima ya jinsi tanzia ilivyokua ikajengwa juu ya msingi huo.

Mwaka 1952 kikachapishwa kipande cha papiri, karatasi ya kale ya mafunjo, kutoka Oxyrhynchus, Misri, kidogo na kimechanika. Ni kumbukumbu ya mashindano: Aeschylus wa kwanza kwa tamthilia zake za mabinti wa Danaus, na kati ya walioshindwa yumo Sophocles. Sophocles alianza kushindana karibu na 468 KK! Kwa hiyo tamthilia haiwezi kuwa ya miaka ya 490, na siku hizi wengi huitaja 463 hivi, miaka mitano tu kabla ya Oresteia, tamthilia zake tatu za mfululizo, za 458. Kongwe tuliyo nayo ikawa *Waajemi*, ya 472. Wapo waliojaribu kuokoa nadharia kwa kusema Aeschylus aliitunga zamani akaifungia sandukuni. Ukisikia msomi anataja sanduku, ujue amebanwa.

Kwa hiyo ukianza Aeschylus, usikubali kuambiwa kitu ni cha zamani kwa sababu kinaonekana cha zamani. Hata kwenye Iliad utakutana nalo, kitabu cha 10: Meriones anampa Odysseus kofia ya vita iliyopangwa meno ya nguruwe mwitu. Kofia za aina hiyo zimefukuliwa kwenye makaburi ya Mycenae, mji wa kale wa Ugiriki, karne nyingi kabla ya Homer. Wala kitabu hicho hakiwi kikongwe kwa ajili ya kofia. Wengi, tangu zamani, wanakishuku kwamba ndicho kilichoingizwa mwisho.

Anza na *Waajemi*, ni fupi. Kisha Oresteia zote tatu kwa mfululizo, usisome moja ukaiacha.

Mkaidi aliandika:

Na *Prometheus Aliyefungwa*, Bi? Mbona umeiruka? Au nayo unasema ni ya Aeschylus?

Bi_Mshororo aliandika:

Siyo yake. Mizani yake na nyimbo za korasi ni za mkono mwingine. Fungua uzi mpya Mkaidi, hapa tutammaliza kijana wa watu.